Sungura Kumi na Wawili wa Chumba cha Pili

Wadogo zangu mnaobaki kazini, watu wa nje watawauliza swali moja mpaka mchoke: hivi wale wanyama wanajua? Wajibuni mnavyopenda. Mimi nimewalisha miaka thelathini na miwili na nawaambia wanajua. Sisemi wanajua kama mimi na wewe, na mtu asije akasema dada Naku kazeeka, anaota mchana. Nasema wanajua.

Nimestaafu mwezi wa sita. Mlinipa keki, khanga doti mbili na hotuba ndefu ambayo nusu yake ilikuwa ya mtu mwingine, maana mimi sijawahi kufanya kazi stoo. Sasa nakaa Tangini, nafuga kuku wanane ambao hawajaandikwa popote, na nyie mmeniomba niwaandikie chochote kitakachowasaidia. Vyeo sitavigusa, havikuwa vingi. Nitaandika habari ya siku ya kwanza, ya mtu aliyenifundisha kazi, na ya jambo moja nililolifanya mimi mwenyewe na sijalisema kwa mtu ambaye nilipaswa kumwambia. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini.

Nilikuja Kibaha kutoka Same nikiwa na miaka ishirini na saba. Binamu yangu aliniambia kuna kazi ya kutunza mifugo kwenye maabara. Mimi nikasikia mifugo, nikanunua mabuti ya mpira. Aliyenipokea ni msimamizi wa nyumba ya wanyama, Mzee Pazi, Mzaramo wa Masaki kule Kisarawe, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliyatazama mabuti yangu kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wako umewaacha wapi?" akaniuliza.

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Akanipa koti la kaki, akaniambia nimfuate, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha pili na kubisha. "Hodi," akasema. Akangoja kidogo, ndipo akafungua. Ndani mlikuwa na sungura arobaini, weupe wote, macho mekundu, kila mmoja kwenye kizimba chake, na wote walikuwa wanatafuna. Nilipotia mguu ndani wakaacha. Si mmoja mmoja, hapana. Wote kwa mpigo, majani yakibaki yananing'inia midomoni. Hakuna aliyenitazama usoni. Wote arobaini walikuwa wanatazama mikono yangu.

"Sura yako haiwahusu," akasema Mzee Pazi. "Wanataka kujua umebeba nini."

Usiku ule sikula vizuri, nawaambia ukweli.

Mzee Pazi alikuwa mkali, na kwa kila kitu alikuwa na sababu yake. Mwezi wa kwanza nilimwambia kwamba kuna jini mle ndani, maana siku za sindano sungura wanasusa chakula tangu asubuhi, hata kabla ratiba haijabandikwa ukutani. Alicheka mpaka akavua miwani. "Daktari siku ya sindano ananawa kwa sabuni ya dawa. Harufu inapita chini ya mlango. Acha ushamba, Naku." Sawa, nikakubali. Ila nikamuuliza, kama ni harufu tu, mbona wewe unawabishia hodi? Nani humo ndani wa kukukaribisha? Akavaa miwani yake taratibu.

"Siku wakiitikia," akasema, "utaacha kazi."

Sikumuuliza tena, na kuanzia hapo nami nikawa nabisha.

Alinipa taratibu tatu, na nyie nimewafundisha hizo hizo. Anayelisha hachomi sindano, ili wanyama wawe na angalau mtu mmoja wasiyemwogopa. Mnyama hapewi jina, anapewa namba. Na namba ile, inayoandikwa kwa wino ndani ya sikio, inarudiwa kila baada ya siku mbili hata kama bado inasomeka, kwa sababu sungura hunawa masikio kwa miguu yake na kuifuta. Hili la tatu alikuwa akilisema kama mtu anayegomba. "Huyu atakufa, tumeshaamua sisi, yeye hakuulizwa. Kitu pekee tunachoweza kumfanyia ni kujua alikuwa nani na alipewa nini. Ukimpotezea namba umemuua kwa mchezo."

Mtaniuliza kama ni halali, kazi hii. Mchungaji wangu aliniuliza, jirani yangu aliniuliza, na binti yangu aliniuliza akiwa darasa la nne halafu akakataa kula nyama wiki nzima. Nitawapa visa viwili tu. Mwaka mmoja ililetwa chanjo ya mdondo, ya kuku, itakayopelekwa vijijini. Tukaijaribu kwa vifaranga kwanza. Siku ya tatu niliingia bandani nikakuta kimya, wote wamelala chali, vidole vimekunjwa. Dawa yote ile ilichomwa moto. Kina mama wa Masaki na Marui hawakujua kabisa kwamba kuku wao wangekwisha wiki ile, wakaendelea kuuza mayai yao. Nililia, na Mzee Pazi akaniambia, "Lia, lakini hawa wamekufa kazini." Kisa cha pili: alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo na jaribio ambalo lilishafanywa na kuandikwa vitabuni. Panya weupe thelathini. Alipomaliza nikamuuliza umegundua nini, kijana? Akasema amegundua kwamba kitabu kilikuwa sahihi. Nilitamani nimpige na fagio, haki ya Mungu.

Kwa hiyo mimi siko na wale wanaosema isifanyike kabisa, na siko na wale wanaosema ni wanyama tu. Anayesema ni wanyama tu hajawahi kumpakata sungura na kuusikia moyo wake kwenye kiganja. Mimi niliamini inavumilika pale tu jaribio linapohitajika kweli na daftari likawa la kweli. Niliamini hivyo na nikawa na majivuno nayo.

Mzee Pazi alistaafu akarudi Masaki kwenye mihogo na mikorosho yake. Nikaachiwa chumba cha pili. Kufikia hapo niliwajua sungura kwa sura. Mnacheka, lakini mlikuwa mnaniletea wageni niwaonyeshe: nikiwapa mgongo, sungura wawili wakibadilishiwa vizimba, nikigeuka nawataja namba zao bila kushika sikio. Mlikuwa mnanipigia makofi. Nilizoea makofi yale.

Ndipo akaja mganga mmoja wa Marui, huko huko Kisarawe, mtu mzima, mpole, amebeba dumu la dawa ya mizizi. Watu walikuwa wanaisifia kwa magoti na maumivu ya mwili. Alimwambia Daktari Kileo, yule mama aliyekuwa mkuu wa majaribio wakati huo, maneno ambayo sijasikia mganga mwingine akiyasema: "Watu wanasema ninaponya. Mimi nataka nijue kama ninaua." Daktari alimheshimu kwa hilo, nami pia.

Tukatenga sungura kumi na wawili. Wa kwanza mpaka wa sita wanywe dawa, wa saba mpaka wa kumi na mbili wanywe maji matupu, ili tulinganishe. Wiki mbili za kunywesha, kisha wiki mbili za kuwaangalia tu. Kunyweshwa walikuwa wananyweshwa na mwenzangu, mimi nikilisha na kuandika namba. Namba nne alikuwa na mazoea yake: kabla ya kula alikuwa analaza kidevu kwenye kiganja changu, anakaa hivyo kidogo, ndipo anageukia majani. Sikumpa jina. Nilitamani, lakini sikumpa.

Wiki ya pili maji yakakatika siku tatu. Vizimba vikanuka mpaka macho yanawasha. Na maka peni niliyokuwa naandikia namba ikakauka. Ningeweza kutoka nikanunue nyingine, duka si mbali. Nilisema moyoni, ya nini, si nawajua? Nikaruka siku ya kuandika, nikaruka na nyingine. Kunywesha kulipokwisha, asubuhi yake maji yakarudi kwa kasi, nami nikataka kuosha kila kitu kabla hayajakatika tena. Nilikuwa na uzio wa waya wa kuwaweka nje kwenye majani. Zilikuwa nyuzio mbili, moja kwa kila kundi, lakini ule wa pili ulikuwa umetoboka. Nikawaweka wote kumi na wawili pamoja.

Nilipokwenda kuwarudisha, jua lilikuwa kali na masikio yao yanapitisha mwanga. Nikashika la kwanza, halina kitu. La pili, halina kitu. Saba kati ya kumi na wawili hawakuwa na namba. Walikuwa wamekaa wametulia wananitazama mikono.

Nilipaswa kwenda kwa Daktari na kusema, jaribio limeharibika. Badala yake nikaazima maka peni ofisini, nikarudi, nikawaangalia mmoja mmoja usoni, nikawaandika. Nne. Nane. Tisa. Kumi na moja. Hakuna aliyeniona, na hata angeniona angenipigia makofi.

Kesho yake nilibisha hodi, nikafungua, nikakuta wote wamegeukia ukutani. Migongo kumi na miwili. Nimefanya kazi ile miaka yote, sijawahi kuona hivyo kabla wala baada, na sabuni haikuhusika kwa sababu haikuwa siku ya sindano. Nikaweka majani. Hakuna aliyegeuka. Nilipofika kwa namba tisa nikaingiza mkono kubadilisha maji, na yeye akageuka peke yake, akalaza kidevu kwenye kiganja changu.

Nikatazama kizimba cha namba nne. Huyo alikuwa amejibana nyuma kabisa, hajui mkono wangu ni wa nini.

Nilijiambia wanyama wanaigana. Nilijiambia hivyo siku ile, na siku iliyofuata tisa aliponilalia tena kiganjani, na siku iliyofuata. Ukijiambia neno kila asubuhi linaanza kufanana na ukweli.

Wiki ya tatu masikio yakaanza kugeuka. Sungura mweupe mzima ukimwinulia sikio dirishani unaona wekundu mwepesi na mishipa. Haya yalikuwa na rangi ya maji ya bizari. Alianza namba mbili, akafuata tisa, nane, tano na kumi na moja. Waliacha kula, wakakaa wamejikunja, na wakafa mmoja baada ya mwingine, wa kwanza siku tisa baada ya masikio kugeuka, wa mwisho siku kumi na nne. Tisa alikufa asubuhi mkononi mwangu, kidevu kiganjani. Nikachukua daftari nikaandika: tisa, maji, amekufa. Naomba mnielewe vizuri hapa, wadogo zangu. Wakati naandika neno lile, maji, nilikuwa najua ni uongo.

Daktari Kileo aliwapasua wote watano na maini yote yalikuwa yameoza kwa namna moja. Akahesabu: waliokufa, wawili ni wa dawa, watatu ni wa maji. Basi dawa haiwezi kulaumiwa, ni ugonjwa umeingia chumbani. Akaandika taarifa ya mwanzo kwamba madhara ya dawa hayajaonekana, uchunguzi uendelee. Kile cha uchunguzi uendelee hakikufika Kisarawe. Kilichofika ni kwamba dawa ya mganga wa Marui imepimwa Kibaha na haina neno. Nilikaa na jambo lile wiki saba. Nilikuwa naimba kwaya Jumapili na sauti inatoka vizuri tu.

Halafu Mzee Pazi akapiga simu. Nilikuwa nafagia maranda ya vizimbani.

"Naku, magoti yananimaliza. Nimeanza ile dawa ya Marui."

"Lini, mzee?"

"Wiki ya tatu hii. Nilisita mwanzoni, unanijua. Nikauliza, chumbani alikuwa nani? Wakaniambia ni wewe. Nikasema basi kama ni Naku, nileteeni chupa mbili."

Nilikaa chini kwenye maranda. Nikamwambia, acha kunywa, usinywe hata funda moja, nakuja kesho. Akauliza kuna nini. Nikasema nakuja.

Saa nne asubuhi nilikuwa Kisarawe mjini, nikapanda bodaboda mpaka Masaki. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda anamenya muhogo. Mkewe, Bi Mwanahawa, alinipokea kwa furaha, akaingia jikoni kuchemsha chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanamke umetoka Kibaha mikono mitupu? Hata mkate?"

Akainua uso anicheke, na jua likampiga machoni. Weupe wa macho yake haukuwepo. Ilikuwa bizari tupu.

Nilimweleza yote, kuanzia maka peni mpaka neno lile nililoliandika. Sikumtazama. Alikuwa ameacha kumenya. Nilipomaliza nilitarajia atanitukana, na ningeshukuru. Badala yake akaanza kuniuliza, kwa sauti ile ile ya kazini.

"Mliwapasua?"

"Ndiyo."

"Ini?"

"Limeoza, mzee. Wote watano."

"Masikio yalipogeuka, walikaa siku ngapi?"

"Wa kwanza tisa. Wa mwisho kumi na nne."

Akageukia jikoni. "Mwanahawa! Macho yangu ulisema yamebadilika lini?"

"Si Ijumaa ile ulipotoka msikitini!" akaitikia mkewe. "Nikakwambia pumzika, ukanijibu jeuri!"

Mzee Pazi akahesabu kwa vidole, kisu bado mkononi. "Nane," akaniambia mimi, polepole. Kisha akainama. "Huyu usimwambie. Ukimwambia atakufukuza, na mimi sasa nitakuhitaji."

Tulimpeleka hospitali mchana ule ule. Nikawaambia madaktari amekunywa nini na wategemee nini, nikarudi Kibaha, nikaingia kwa Daktari Kileo na kumwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Kisha akasema jambo la haki kabisa, kwamba namba zikiharibika jaribio linarudiwa, aagize sungura wengine kumi na wawili. Nikasema sawa.

Mzee Pazi alipolisikia hilo kitandani alikasirika mpaka muuguzi akaja. "Kumi na wawili wengine? Na mimi nimelala hapa nafanya nini? Naku, kalete daftari. Niandike."

Nilidhani homa inaongea. Haikuwa homa. Alitaka niandike kila siku kama tunavyoandika: amekula nini, amekunywa nini, mkojo rangi gani, macho rangi gani. Alimwita Daktari Kileo akamwambia mbele yangu kwamba ameridhia, na kwamba yeye tofauti na wale ameulizwa. Nikafungua ukurasa, nikachora mistari. Nikafika kwenye nafasi ya kwanza, kalamu ikasimama.

"Unangoja nini?"

"Namba, mzee. Niandike nini?"

Akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimefika na mabuti yangu. "Kumi na tatu," akasema. "Mmefikia kumi na mbili, hamjafikia?"

Nikaandika.

Nilikwenda kila siku saa za kuona wagonjwa, na Bi Mwanahawa akawa ananisogezea kiti. Siku ya nne niliandika amekula nusu sahani. Mzee Pazi akaomba daftari asome. "Nimekula vijiko vitatu. Umeandika nusu sahani kwa nini?" Akaligonga daftari kwa kidole. "Unanionea huruma humu? Huruma nionee nyumbani. Humu andika vijiko vitatu." Nikafuta nikaandika vitatu. Sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile.

Daktari Kileo alichukua daftari lile, majibu ya damu ya hospitali, na taarifa ya yale maini matano, akaniambia jambo la kunitoa machozi. Kuipitisha dawa, alisema, ushahidi ule usingetosha. Lakini kuizuia unatosha. Barua ikatoka, dawa ikasimamishwa, na wale kumi na wawili wengine hawakuagizwa. Nilipomwambia Mzee Pazi alifumba macho akasema vizuri.

Siku za mwisho hakusema sana. Kuna mchana mmoja niliingia wodini, mkewe anamlisha uji. Akaniona, akaacha kumeza. Hakunitazama usoni. Alinitazama mikono, muda mrefu, akitaka kujua nimebeba nini. Nilimwonyesha viganja vyote viwili, vitupu, ndipo akafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Alikaa siku ishirini na mbili tangu macho yalipogeuka. Aliwazidi sungura wote, na siku zote alizokuwa na nguvu ya kuongea alikuwa akijivunia hilo. Nilijaza mstari wa mwisho mwenyewe, nikafunga daftari na kumkabidhi Daktari. Kwenye taarifa ya pili iliandikwa kulitokea kosa la namba, bila kutaja la nani.

Siku ya tatu baada ya maziko nilikuwa bado Masaki, nasaidia kuosha sufuria. Bi Mwanahawa akaja akakaa karibu yangu.

"Naku, mwanangu," akasema, "mwenzangu aliniambia mle hospitali alikuwa anakusaidia kazi. Kazi gani hakuniambia, ila alikuwa anangoja ufike. Sasa, ile kazi ilimalizika?"

Ilikuwa pale pale. Sufuria mkononi, watu wako mbali, yeye ananitazama. Ningesema. Nikasema, "Imemalizika, mama."

Akanishika mkono wenye sabuni akasema, "Ahsante. Ulimpa kitu cha kufanya."

Hiyo ni miaka mitano sasa. Kila msimu wa korosho ananitumia mfuko. Na kila akinipigia simu, lazima amlaani yule mganga wa Marui, kwamba amemuua mumewe. Yule mzee alihama kijiji kwa maneno ya watu. Ndiye peke yake kati yetu aliyetaka kujua kama anaua, akaja kuuliza, na mimi nikampa jibu la uongo. Nasikia laana zile kwenye simu nanyamaza. Nimenyamaza miaka mitano.

Wadogo zangu, nendeni mkanunue maka peni. Karatasi hizi mtazipata wiki ijayo. Si kesho, kwa sababu kesho asubuhi nakwenda nazo Masaki. Bi Mwanahawa hasomi bila miwani na miwani yake imevunjika, kwa hiyo nitamsomea mimi, tukiwa wawili, tangu mwanzo. Nikifika pale alipouliza kama kazi ilimalizika, nitasimama kusoma na nitamjibu.